Mgeni wa Miaka Tisini na Tisa

Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa nilipoambiwa, kwa adabu na kwa Kiswahili safi, kwamba mimi ni mgeni Mombasa. Aliyeniambia ni wakili wangu mwenyewe, binti wa bara, aliyezaliwa mahali ambapo mtu hatoki nje asubuhi bila sweta. Mimi nilizaliwa Mji wa Kale, katika chumba cha juu cha nyumba ya mawe, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye kiti nilichokuwa nimekalia. Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa ameishika pasipoti yangu mkononi.

"Sheria haiulizi ulizaliwa wapi, mama," akasema. "Inauliza wewe ni raia wa wapi."

Pasipoti ile niliipata ugenini, katika nchi ya baridi ambako niliendesha basi la abiria kwa miaka ishirini na sita, kwenye theluji na kwenye matapishi ya walevi wa Ijumaa. Nilipoichukua, sheria ya hapa ilikuwa mtu hawi na nchi mbili. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume mgonjwa, nikachagua ile iliyokuwa ikinilisha. Nilitia sahihi nikarudi kazini zamu ya mchana. Kule kila abiria aliyekaa karibu na dereva aliniuliza ninatoka wapi, nami nilimjibu "Mombasa" kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma. Sasa nimerudi Mombasa, na swali ni lile lile.

Nilichotaka ni kuinunua nyumba niliyozaliwa. Mamangu aliipanga ghorofa ya juu maisha yake yote ya ndoa na ya ujane, na akafia humo akiwa bado mpangaji. Mwenye nyumba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili, na alikuwa na sharti moja ambalo halikuandikwa popote: hakuna kupigilia msumari ukutani. Alisema chokaa itabomoka. Mtu aliyekuwa akiuza misumari kwa kilo tangu asubuhi hadi magharibi alimnyima mamangu msumari mmoja. Basi kioo cha mamangu, kikubwa, chenye fremu ya mbao, kilikaa juu ya kigoda kimeegemezwa ukutani miaka yote ile, na mimi nilijifunza kufunga mtandio nikiwa nimechutama. Nilikichukia kigoda kile. Nilimchukia na mwenye nyumba, ingawa nilimwamkia kila siku kwa heshima zote.

Alipofariki, mwanawe alirithi duka, nyumba na tabia. Huyu mwana naye sasa ni mzee, kanizidi miaka kama kumi na mitano, na tangu utotoni namwita Ami. Nilipofika dukani kwake kumwambia kuwa nimesikia anauza, na kwamba mnunuzi ni mimi, alimtazama kaka yangu niliyekuwa nimefuatana naye.

"Huyu mgeni wenu," akamwambia, "yuwajua kuwa kuna mtu mwengine yuwaitaka? Ataka kuifanya nyumba ya kulaza watalii. Juu ya dari atia kidimbwi cha kuogelea."

"Ami, mimi niko hapa," nikasema. "Niambie mimi."

Ndipo akanigeukia. Alinipa hadi mwisho wa mwezi, na alinipa, alisema, kwa ajili ya mamangu. Nilimshukuru, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuapa kuwa kidimbwi kile hakitajengwa.

Wakili alinieleza njia tatu. Ya kwanza ni kuomba nirudishiwe uraia wangu. Sheria mpya inaruhusu, lakini fomu zitachukua muda na mwisho wa mwezi haungoji fomu. Ya pili ni kununua kwa jina la kaka yangu, ambaye hakuwahi kwenda popote zaidi ya Shimanzi, anakofanya kazi ya ukarani katika ghala. Ya tatu ni kununua kwa jina langu, nikiwa mgeni. Nyumba ile ina milki ya daima, akasema, lakini mgeni haruhusiwi daima. Ikiingia mkononi mwangu itageuka kuwa ya kukodi kwa miaka tisini na tisa.

"Kisha?" nikamuuliza.

"Kisha inarudi serikalini."

Jioni ile, Majengo, nyumbani kwa kaka yangu nilikokuwa nimefikia, tulikaa mkekani nikamweleza. Hakumaliza hata kutafuna.

"Andika langu, dada. Watu wote wafanya hivyo. Mtu yuko Jeddah, yuko Toronto, nyumba iko kwa jina la nduguye. Shida iko wapi?"

"Nataka jina langu."

"Kwa hivyo waniona mimi mwizi?"

Sikumwona mwizi hata kidogo. Kaka yangu ni mtu anayerudi dukani kurudisha chenji iliyozidi. Lakini nilikuwa nimechoka. Mamangu alikaa katika nyumba ya mtu, mimi nikazeekea katika nchi ya mtu, na sasa naambiwa nikafie katika jina la mtu. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyokusudia, mpaka mkewe akatoka jikoni kutazama. Kaka yangu alinawa mikono akainuka. Kwa siku tatu alinipita ukumbini akinitolea salamu tu, salamu ya mtu na mtu asiyemjua.

Nilimwambia wakili tufuate njia ya tatu. Alinitazama kidogo, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. Ndipo akatoa ramani ya ofisi ya ardhi akaniuliza juu ya wikio.

Wikio ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kimeshika nyumba ya huku na nyumba ya kule, na watu wanapita chini yake. La kwetu lilituunganisha na nyumba ya jirani wa mbele, bibi mmoja aliyekuwa shoga wa mamangu na aliyenifundisha alifu na be kabla sijajua kuvaa viatu. Kwa mlango ule wanawake wa nyumba mbili walikwenda na kurudi bila kuvaa buibui, bila kushuka ngazi. Hakuna aliyepiga hodi pale. Moto ukizimika kwetu tulichukua kwake, chumvi ikimwishia alichukua kwetu, na sahani zilipita zikiwa na kitu ndani, kwenda na kurudi, hadi hakuna aliyekumbuka ipi ni ya nani. Lakini kwenye ramani pale palikuwa na kichochoro tu. Chumba nilichochezea utoto wangu kilikuwa hewani na hakikuwapo.

"Nahitaji barua kutoka kwa jirani," wakili akasema. "Athibitishe kuwa hana pingamizi."

Ami naye alikuwa na lake. Alisema haiuzi nyumba kabla ya jirani anayeshikana naye kuulizwa, kwa sababu jirani ana haki ya kwanza, na hivyo ndivyo babake alivyofanya na baba wa babake. Akishasikia neno la Bibi kwa masikio yake, atauza. Mwezi ukiisha hajalisikia, atahesabu kuwa Bibi ameiacha haki yake, na atamkaribisha yule wa kidimbwi, asiyejali jirani wala wikio. Kwa hiyo nyumba yangu yote ikawa imening'inia kwa bibi wa miaka themanini na kitu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Mji wa Kale halifanyi. Nilimwambia wakili amwandikie. Barua ikaandikwa vizuri, kwa heshima, ikianza na "Mpendwa Bibi", ikapelekwa na tarishi wa pikipiki mwenye kitabu cha kutia sahihi. Kule nilikokuwa, jirani yangu aliniandikia barua kwa sababu ya tawi la mti, na tulikuwa tukitenganishwa na ua wa kiunoni. Nilikuwa nimezoea. Nilidhani naonyesha adabu.

Siku ya pili Ami alinifungulia nyumba nimpeleke mpimaji. Tulipokuwa chumba cha juu nilisikia mlango wa wikio, upande wa Bibi, ukifunguliwa. Nilisimama nikiwa nimejaa furaha. Mkono ulitoka na sahani, ukaiweka sakafuni, kisha mlango ukafungwa na komeo likasukumwa. Komeo lile sikuwahi kulisikia maisha yangu. Nilidhani limekwisha kuliwa na kutu.

Ilikuwa mojawapo ya sahani zile za kwenda na kurudi, ya bati, nyeupe, yenye mstari wa buluu ukingoni. Ndani yake hamkuwa na andazi wala tende. Mlikuwa na barua ya wakili, haijafunguliwa. Mpimaji aliendelea kupima dirisha, mimi nikakaa chini sakafuni na sahani mapajani nikalia kwa hasira. Hasira ilikuwa yangu mimi, juu yangu mimi.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba wifi yangu jiko. Nilipika kaimati. Sikuwa nimezipika tangu niondoke, na zilitoka ngumu, nyingine mbichi katikati, na shira ikaganda. Wifi yangu alitaka kwenda kununua nyingine nzuri mtaani. Nilikataa. Nikazitia kwenye sahani ya bati, nikafunika kwa kawa, nikachukua tuktuk hadi mwanzo wa vichochoro na kumalizia kwa miguu.

Sikuwa na njia ya wikio, kwa hiyo nilisimama mlango wa chini, tunaouita mlango wa tini, kama muuza shuka nikapiga hodi.

"Nani?" Sauti ilikuwa ile ile.

Nikataja jina langu na la mamangu. Kisha akasema, "Wageni hungoja barazani."

Nikangoja. Jua lilifika magotini, likafika kifuani. Mwanamke aliyekuwa akipita aliniamkia kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kimvita cha ndani kabisa hadi akashtuka. Mwishowe Bibi akaita, "Panda!"

Alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho makali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nini hino?"

"Kaimati."

Aliifunua, akachukua moja, akaitafuna muda mrefu.

"Umezipika weye?"

"Mimi, Bibi."

"Naona." Akachukua ya pili. "Mtu wa pikipiki yuwaja kwangu na kitabu, ataka nitie sahihi kuwa nimepokea. Nimepokea nini? Mtu wa nyumba ile akiwa na haja hapa, ndia yake ni ile." Akaonyesha mlango wa wikio kwa kidevu. "Ndiyo hiyo mamako alopita hata siku ya mwisho."

"Kule, Bibi, kumwandikia mtu ni heshima."

"Kule. Na hapa je?"

Nikasema kweli. Nilimwambia niliogopa uso wake. Mamangu alipofariki niliarifiwa nikiwa kituoni, nikasubiri abiria washuke, na nilipopata tiketi ya ndege alikuwa amekwisha kuzikwa. Bibi huyu ndiye aliyemwosha. Mikono ile iliyokuwa na shira vidoleni ndiyo iliyofanya kazi iliyokuwa yangu. Ni rahisi kumwandikia barua mtu wa namna hiyo kuliko kumtazama.

Bibi alinipa kitambaa nikajifuta. "Mamako hakuuliza kwa nini hukuja," akasema. "Aliuliza kama huko uliko una kioo kizuri. Basi."

Kisha, kwa kuwa mwisho wa mwezi ulikuwa karibu na mimi sina haya, nilitoa ile barua nikaifungua mbele yake na kumsomea.

"Tia sahihi hapa, Bibi, yaishe."

"Sitii."

"Bibi, bila ya hii naweza kuikosa nyumba."

"Sitii, n'shasema. Miye nilokushika kidole kwenye alifu, leo nitie sahihi karatasi yauliza kama wewe ni jirani yangu? Nikitia, 'takuwa nimekubali kuwa hilo ni suala la kuulizwa. Haliulizwi! Mwambie huyo wakili wako."

Nilitaka kumpigia kelele. Kisha nikaona anachokifanya, na nikafurahi kuliko nilivyofurahi tangu niteremke uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa nikigombana na kaka yangu ili jina langu liandikwe, na yeye amekataa kuandika lake, na ugomvi wetu ulikuwa mmoja. Nilikunja barua nikaitia chini ya mguu wa meza yake, iliyokuwa ikicheza. Meza ikatulia.

Jumamosi Ami alikuja kuuliza kwa desturi, na kwa heshima ya desturi alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Kaka yangu alikuja pia. Hakuwa amenisamehe, alisema amekuja kwa sababu mwanamume mmoja wa nyumba lazima awepo, nami kwa mara ya kwanza wiki ile sikubisha. Tulisimama watatu chumba cha juu. Ami akakohoa mbele ya mlango wa wikio.

"Bibi! Nataka kuuza. Wewe ndiwe jirani. Wasemaje?"

Tulisikia komeo. Likagoma kidogo, likasukumwa. Bibi akaingia amejitanda leso, hakupiga hodi, akapita mbele ya Ami mpaka katikati ya chumba kile.

"Haki yangu ya kununua nampa huyu," akasema, akanishika kiwiko. "Na ukimuuzia mtu mwengine, nanunua miye."

"Utanunua na nini, Bibi?" Ami alijaribu kucheka.

"'Tauza bangili. Zisipotosha 'tauza na kitanda. Lakini watu hawataogelea juu ya kitwa changu."

Ami alitazama dari, akatazama kanzu yake. "Basi," akasema. "Nimesikia."

Wakili hakufurahi. Neno la mdomo, alisema, halitiwi kwenye faili. "Bibi akifariki, warithi wake wanaweza kuja kusema wikio lote ni lao."

"Waje," nikamwambia.

"Mama, ninakutahadharisha kwa sababu ndiyo kazi yangu."

"Umefanya kazi yako, mwanangu. Sasa niandikie."

Akaniandikia. Nilitia sahihi kila ukurasa, polepole. Kaka yangu alitia sahihi ya shahidi, akasema, "Ungeandika langu ungekuwa umemaliza zamani," na hapo nikajua tumepatana. Fomu ya kuomba uraia nimeitia kabatini. Ipo siku nitaijaza, lakini nitakuwa nimekaa juu ya kiti changu katika nyumba yangu, simwombi mtu pa kukaa.

Hati ilipotoka, sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia dukani kwa Ami.

"Nipimie misumari robo kilo."

"Ya kazi gani?"

"Ya ukuta ule."

Mkono wake ulisita juu ya mizani. "Chokaa itabomoka," akasema.

"Ni chokaa yangu, Ami."

Aliipima, akanifungia kwenye gazeti, na akaongeza mmoja juu.

Kaka yangu alileta kigoda na kioo cha mamangu, alivyovihifadhi kwake Majengo, kwa tuktuk, kioo amekifunga shuka na kukipakata njia nzima. Nilipanda juu ya kile kigoda cha zamani nikapiga msumari wa kwanza. Chokaa ilianguka pande la ukubwa wa ngumi, vumbi likatujaa machoni. Kumbe wale wazee hawakusema uongo. Nikapiga wa pili, ukapinda. Wa tatu niliupiga kwa nguvu zangu zote juu zaidi, pale palipopita boriti, nao ukashika.

"Nani apiga ukuta huko?" Sauti ilitoka wikioni.

"Mwenye nyumba!" nikapiga kelele.

Bibi akaingia, mlango haukuwa umetiwa komeo. Kaka yangu alikuwa ametundika kioo, na Bibi alikwenda mbele ya kioo, amesimama wima, akajitazama uso. Kisha akaketi na kuniambia nimsomee ile hati, maana herufi hizo za Kizungu hazijui. Nilimsomea yote. Nilisoma jina langu. Nilisoma na ile nchi iliyoandikwa mbele yake, sikuiruka. Nilisoma miaka tisini na tisa.

"Kisha?" akauliza.

"Kisha inarudi serikalini."

Bibi aliinuka, akarudi kwenye kioo, akaitengeneza leso yake kichwani.

"Na waje," akasema. "Lakini wapite mlango wa tini, na wapige hodi."